Bi Harusi wa Chumba cha Mashine

Jina la Bi Harusi nilimpa mimi, na nakiri sikumpa kwa heshima. Ilikuwa wiki ya kwanza ya korona hospitalini kwetu. Tulikuwa tumeletewa magauni meupe ya kujikinga, yote saizi moja, na mama mmoja wa usafi, mfupi, wa miaka hamsini na ushei, akatoka chumba cha kubadilishia nguo akiwa amelishika lake kwa mikono miwili lisimkwaze, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, na nyuma yake nusu mita ya gauni inaburuzika sakafuni. Nikasema kwa sauti, "Jamani, pisheni, bi harusi anaingia!"

Korido nzima ikavunjika mbavu. Yeye akasimama, akanitazama kwa utulivu kupitia ile miwani ya kinga, akasema, "Haya. Na wewe unayepiga kelele, zawadi yangu iko wapi?"

Kuanzia siku hiyo hata mkurugenzi alimwita hivyo. Yeye ndiye aliyesafisha chumba cha siti skani, na mimi ndiye niliyeendesha mashine. Ilikuwa mashine pekee ya aina hiyo katika sehemu zetu, inayopiga picha ya ndani ya mwili kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nina cheti kikubwa ukutani, na nilijiona mtu wa maana sana.

Kabla ya korona tulikuwa na sifa ya jambo moja: kiharusi. Mtu akipooza upande ghafla, mdomo ukaenda kombo, maneno yakakataa kutoka, kuna mawili. Ama mshipa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda, ama mshipa umepasuka. Kwa nje yote mawili yanafanana kabisa. Ipo sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, na ikiwahi humrudishia mtu mkono wake na ulimi wake. Lakini ukimchoma mwenye mshipa uliopasuka, umemmaliza. Picha ndiyo inayosema ni lipi kati ya hayo mawili. Na hiyo sindano ina mwisho wake: saa nne na nusu tangu tatizo lilipoanza. Baada ya hapo hachomwi mtu. Hata ndani ya muda huo, kila dakika inayopita ubongo unakufa kidogo kidogo.

Korona ilipoingia, mashine ileile ikawa inapiga picha za vifua vya wagonjwa wa korona. Agizo likaja kutoka juu: kila akitoka mgonjwa wa korona, chumba kifungwe saa nzima. Nusu saa ya kwanza hewa itulie, nusu saa ya pili kisafishwe. Hakuna aliyebisha. Wote tulikuwa na woga.

Asubuhi moja akaletwa seremala. Mkewe alikuwa amemkuta karakana, amekaa chini kwenye maranda ya mbao, na alipofikishwa kwetu alikuwa bado na penseli sikioni. Mgonjwa wa korona alikuwa ametoka chumbani dakika hiyohiyo. Bi Harusi alisimama mlangoni na ndoo yake, kama alivyoagizwa.

"Tunasubiri nini, dada?" mke wa seremala akamuuliza.

"Tunasubiri hewa, mama."

"Hewa?"

"Hewa ya humo ndani itulie."

Yule mwanamke akautazama mlango, akamtazama mumewe kwenye kiti cha magurudumu, akarudi kuutazama mlango. Tulipofungua, muda wa sindano ulikuwa umepita kwa dakika kumi na moja. Seremala hakufa. Ila mkono wake wa kulia, mkono wa kushikia randa, haukurudi.

Siku ya pili yake Bi Harusi alinifuata kwenye chumba changu kidogo cha vioo. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mpiga picha, ile saa nzima nani aliipanga?"

"Wakubwa."

"Waliipangia chumba hiki, au chumba chochote?"

"Mama, mambo hayo waachie waliosoma."

"Sawa, mimi sijasoma. Lakini kusafisha nimesafisha miaka ishirini na sita, na nakwambia tunasafisha kijinga." Akaanza kunionyesha kwa kidole kupitia kioo. "Kinachonila muda si sakafu. Ni ile mikanda ya meza, vile vitufe, na ule mfereji unaozunguka tundu la mashine. Wapaka rangi wakija nyumbani kwako unafanya nini? Unafunika makochi. Hufuti rangi kwenye kochi baada ya kazi. Sisi kwa nini hatuifuniki mashine kabla mgonjwa hajaingia? Akitoka tunavua, basi."

Nikaitazama mikanda ya meza kupitia kioo.

"Na ile feni." Akaelekeza juu, nyuma ya kabati, kwenye feni kubwa ya kutoa hewa nje. "Naifuta vumbi mwaka wa sita huu. Sijaiona ikizunguka hata siku moja. Imeharibika?"

Feni ile haikuwa imeharibika. Niliizima mimi. Mwaka nilioanza kazi nilimwomba fundi aikate waya kwa sababu ilikuwa ikinguruma na kunipa kichwa kuuma. Saa nzima tuliyokuwa tukisubiri hewa itulie, mtambo wa kuitoa hewa ulikuwa juu ya vichwa vyetu, umelala kwa starehe yangu.

Nilimwambia ukweli. Nilitarajia anifokee. Akasimama na kukirudisha kiti mahali pake. "Basi kesho utaniandikia barua," akasema. "Wewe una mwandiko mzuri."

Barua ilikwenda kwa daktari wa kudhibiti maambukizi, mama mwembamba asiyejua utani, tuliyemwita Daktari Thibitisha kwa sababu ndilo neno lake. Alituita wote wawili. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani yake, akamtazama Bi Harusi, si mimi.

"Wazo lina akili," akasema. "Sasa thibitisha."

Nilidhani hapo ndipo habari itakapoishia. Kumbe nyumbani kwa Bi Harusi kulikuwa na fundi makochi aliyekuwa hana kazi tangu korona ianze, kwa kuwa hakuna aliyetaka mgeni aje kumpimia kochi. Alikuwa mumewe. Mtu mrefu, mkimya, mwenye futi ya utepe shingoni wakati wote kama daktari na vipimo vyake. Alikuja Jumapili moja, chumba kikiwa hakina mgonjwa, akaizunguka mashine mara tatu akiigusagusa kwa kiganja.

"Hili ni kochi la mtu mmoja," akatoa hukumu. "Lina tundu tu."

"Karibu, Bwana Harusi," wapagazi wakamtania kutoka mlangoni.

"Ahsanteni, mashemeji. Mahari nilishamaliza, msinisumbue."

Alipima kila pembe. Baada ya siku nne akarudi na vifuniko viwili vya nailoni nzito inayoonyesha, vyenye lastiki pembeni kama shuka la godoro, kimoja cha meza na kimoja cha uso wa mashine. Viliingia barabara. Nikapiga picha ya majaribio, na kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari mweupe umekata katikati. Ilikuwa zipu. Alikuwa ameweka zipu ya chuma ili kifuniko kivuliwe haraka, na chuma huharibu picha. Nilimweleza nikiogopa kumvunja moyo. Yeye alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Kumbe ina macho makali kuliko wateja wangu," akaondoka, akarudi na vifuniko vya kufunga kwa kamba za kitambaa. Akashona vinane.

Fundi wa vifaa tiba akairudishia feni waya wake. Ilinguruma vilevile, na sikusema neno. Daktari Thibitisha akaleta moshi wa majaribio na saa ya kupimia, akajaza chumba moshi, akasimama nje ya kioo akihesabu unavyovutwa. Alirudia jaribio hilo siku tatu, mara sita kila siku.

Na Bi Harusi akafanya mazoezi. Kila asubuhi kabla zamu haijaanza alikuwa chumbani na mwenzake wa usafi, dada mmoja mwepesi wa mikono. Walivika, wakavua, wakafuta, wakaanza tena. Mara ya kwanza dakika thelathini na nne. Wiki ya pili ishirini na tano. Alibadilisha mpangilio wa ndoo, akahamishia meza ya vitambaa upande wa kushoto, akagundua kwamba hatua saba zilikuwa zikipotea kufuata spiriti kabatini, akaishonea aproni yake mfuko wa chupa. Wapagazi wakapita wakiimba, "Bi Harusi na Kiharusi, nani atashinda?" Yeye hakugeuka. Wiki ya nne Daktari Thibitisha alisimama na saa yake, akapaka rangi isiyoonekana kwenye sehemu kumi na mbili, akatoka wasafishe, kisha akarudi na taa yake ya kuimulikia. Hakukuta hata doa moja. Dakika kumi na nane.

Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kibali kikabandikwa mlangoni: dakika kumi na nane tangu feni inapowashwa, watu wawili, isipungue hata moja. Pia tukakubaliana wagonjwa wa vifua wote wapangwe mchana, asubuhi chumba kibaki safi. Tulipata amani wiki kadhaa.

Kisha ikaja siku ya mwalimu wa udereva.

Yaliyotokea kabla hajafikishwa kwetu nilisimuliwa na mwanafunzi wake mwenyewe. Mwanafunzi huyo alikuwa mama wa miaka hamsini na nane, mkunga mstaafu, aliyeamua kujifunza gari uzeeni kwa sababu, alivyosema, amechoka kuwabembeleza watoto wake wampeleke sokoni kana kwamba wao ndio waliomzaa. Lilikuwa somo lake la saba. Walikuwa wamevaa barakoa, vioo vya gari viko chini, na mwalimu akamwambia, "Kata kulia." Maneno yakatoka kama ya mtu aliyejazwa pamba mdomoni. Mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya breki ya mkono, ukateleza ukaanguka.

Mkunga akasimamisha gari. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kutazama saa: saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Cha pili: "Mwalimu, shusha barakoa. Nichekee kidogo." Nusu ya uso ikacheka, nusu ikabaki ilivyo.

"Tunakwenda hospitali."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa nguvu. Kwa mkono wa kushoto akashika usukani, akaelekeza nyumbani kwake. Na yule mama, kwa kuwa siku zote alikuwa akimtii katika gari lile, akatii. Jambo hilo lilimuuma hadi siku aliyonisimulia.

Nyumbani mke wa mwalimu naye akagoma. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amempeleka kaka yake hospitali kwa miguu yake, na siku ya kumi akaonyeshwa kaburi kwa mbali, bila kuuona uso. "Simpeleki," akasema. "Huko anaingia na ugonjwa mmoja, anatoka na wa pili. Ni uchovu tu. Atalala, ataamka mzima."

Wakamlaza. Mkunga akaombwa aende kwao. Hakwenda. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mkoba mapajani, akasema, "Bibie, nimezalisha wanawake zaidi ya elfu tatu. Sijawahi kuondoka kabla kazi haijaisha, na hapa haijaisha."

Alifukuzwa mara mbili kwa maneno, mara moja kwa mlango. Saa zikaenda. Kila baada ya nusu saa aligonga dirisha na kutaja wakati: sasa ni saa tano na nusu, sasa ni saa sita. Majirani walimsikia, lakini hakuna aliyetaka kumkaribia mgonjwa siku zile. Ilipofika saa saba kupita, mwalimu aliamka, akajaribu kumwita mkewe kwa lile jina analomwita wakiwa wawili tu. Hakuliweza. Akajaribu tena na tena, hadi machozi yakamtoka kwenye jicho moja. Hapo mke akachukua mtandio wake, akafungua mlango, akasema, "Mama, twende."

Hakukuwa na wa kuwaendesha isipokuwa mwanafunzi wa somo la saba. Aliendesha gia ya pili mwanzo mwisho, taa za hatari zinawaka, na lile bango la mwanafunzi likiwa mgongoni mwa gari. Gari lilimzimikia mara mbili kwenye mzunguko wa barabara. Watu walimpigia honi, naye akawapigia yake. Alifika kwenye mlango wa dharura, akalisimamisha gari kiubavu mbele ya ngazi, akatoka.

"Mama, gari lirudi nyuma kidogo," mlinzi akamwambia.

"Kurudi nyuma hatujafika," akajibu, akaendelea na machela.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Daktari wa dharura akauliza, kama anavyouliza kila mara bila kutumaini jibu, "Ilianza saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

"Kama saa nne na—"

"Si kama. Na dakika kumi na mbili. Mimi ni mkunga."

Daktari akapiga hesabu kwa sauti. Mwisho wa sindano ni saa nane na dakika arobaini na mbili. Dakika hamsini na mbili zimebaki. Akainua simu kuniita.

Nilipoipokea nilikuwa nikimtazama mgonjwa wa korona anatolewa chumbani kwa kitanda cha magurudumu. Mchana ulikuwa zamu ya vifua. Na dada mwepesi wa mikono, mwenzake Bi Harusi, alikuwa kwao siku ya tano, amejitenga, anakohoa.

Nilifungua mlango wa korido. Bi Harusi alikuwa amekwishavaa gauni, safari hii limepunguzwa na mumewe na kumkaa sawasawa.

"Kiharusi," nikamwambia. "Wamebaki na dakika arobaini na kitu."

"Peke yangu ni dakika thelathini na moja. Nilishajipima." Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Vaa."

"Mimi?"

"Leo mpambe wangu ni wewe. Vaa, baba."

Nilivaa. Akabonyeza swichi ya feni, nikasikia ule mngurumo niliouchukia miaka sita, na kwenye saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika nne.

Nimeendesha mashine ile maelfu ya mara, lakini siku hiyo ndipo nilipoijua. "Juu kwanza," alisema. Tukafungua kamba za kifuniko cha uso, mimi kulia, yeye kushoto. "Kunja kwa ndani. Uchafu ubaki tumboni mwa nailoni. Polepole, ukikung'uta umetuharibia." Tukakikunja kama watu wanaokunja shuka la mtoto aliyelala. Ndooni. Kifuniko cha meza. Ndooni. Glavu za juu, toa, vaa nyingine. Spiriti: vitufe, kingo, mfereji wa tundu, mikanda, mto wa kichwa. Kitambaa kimoja sehemu moja, kikishagusa hakirudi. Miwani yangu ilijaa ukungu wa jasho, nikawa nafuta kwa kukisia, na yeye bila kugeuka alikuwa akiniita: "Umeruka kitufe cha pili. Rudi."

Dakika ya kumi na mbili. Kupitia kioo niliona machela imeshafika korido. Walikuwa wamemtundikia dripu na kuishusha presha yake, sukari imeshapimwa, kila kitu tayari. Mkewe alisimama pembeni, mikono kifuani. Nikaanza kukusanya ndoo.

"Chini ya meza," Bi Harusi akasema.

"Mama, muda!"

"Muda umo ndani ya zile kumi na nane. Niliupimia na chini ya meza. Piga magoti."

Nikapiga magoti na cheti changu. Nikafuta chini ya meza, kule ambako hakuna mkaguzi aliyewahi kuinama. Yeye akamalizia sakafu akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, mistari sawasawa, bila kukanyaga alipokwishapita. Tulipomaliza nikashika kitasa.

Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. "Bado hewa."

Tulibakiza sekunde hamsini. Sijawahi kusimama sekunde hamsini ndefu namna ile. Upande wa pili wa kioo mke wa mwalimu alikuwa akitutazama, na nilijua anajiuliza hawa wawili wanasubiri nini. Bi Harusi hakuutazama mlango wala kumtazama yule mwanamke. Alitazama saa tu, hadi mshale ukafika.

"Sasa."

Saa nane na dakika kumi na nne. Nilivua, nikanawa, nikakimbilia kompyuta. Tukamlaza mwalimu mezani. Vipande vya ubongo vikaanza kujipanga kwenye kioo changu, kimoja baada ya kingine, na daktari akiwa ameinama begani kwangu. Hakukuwa na damu iliyovuja. Popote. "Mshipa umeziba," akasema. "Leteni dawa."

Sindano iliingia saa nane na dakika ishirini na tisa. Zilibaki dakika kumi na tatu.

Nilitoka nje ya jengo nikakaa kwenye ukingo wa ukuta. Mkunga alikuwa hapo, amekatazwa kuingia, anazunguka lile gari lililosimama kiubavu. Nilimwambia dawa imeingia kwa wakati. Alikaa kando yangu, tukiachana mita moja kama ilivyoagizwa siku zile, akalia kwa sauti kama mtoto. Kisha akajifuta, akauliza kama kuna mtu wa kumsaidia kulitoa lile gari.

Jioni ile mwalimu alifumba vidole vya mkono wa kulia. Kesho yake akauinua mkono hadi begani. Siku ya tatu wodi ikamruhusu mkunga asimame nje ya dirisha, kwa kuwa ilikuwa ghorofa ya chini. Muuguzi alifungua kioo kidogo.

Mwalimu akamtazama mwanafunzi wake. Akatafuta maneno, akayapata moja moja. "Gia... gani?"

"Ya pili."

"Yote?"

"Yote, mwalimu. Mwanzo mwisho."

Akafumba macho. "Klachi yangu... imekufa."

Muuguzi aliniambia walicheka wote watatu hadi wodi ya jirani ikalalamika. Siku ya tisa mwalimu alitoka kwa miguu yake, anaburuza mmoja kidogo, hana fimbo.

Siku hiyo mkewe alimtafuta daktari wa dharura amshukuru. Daktari hakupokea. Alimshika kiwiko, akamleta hadi mlango wa chumba chetu, akanyoosha kidole. "Mshukuru huyu. Mimi ningekuwa na dawa mkononi na mlango umefungwa."

Yule mama akamwona mwanamke mfupi ameshika fimbo ya kudekia. Nadhani mwanzoni alifikiri amekosea mlango. Kisha akalikumbuka lile umbo nyuma ya kioo. Akapiga hatua kumwendea, mikono imetangulia.

"Ngoja, mama, usikanyage hapo," Bi Harusi akasema, "bado pabichi." Akaegemeza fimbo ukutani, akazunguka upande mkavu, akamfuata yeye. Hawakukumbatiana, siku zile hakuna aliyekumbatiana. Walisimama wakitazamana juu ya barakoa, na mke wa mwalimu akasema, "Leo asubuhi ameniita jina langu. Lile la ndani."

Bi Harusi akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana, dada yangu."

Habari ilivuka kuta. Daktari Thibitisha aliandika taarifa, na kwenye ukurasa wa kwanza, mahali pa kutaja aliyebuni utaratibu, hakuweka jina lake wala langu. Aliandika majina kamili ya mama wa usafi na ya mumewe fundi makochi, na mbele ya kila jina akaandika kazi ya mtu. Nilimwona Bwana Harusi akiisoma karatasi ile pale korido, futi yake shingoni. Aliisoma polepole hadi mwisho, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Baadaye akaitoa akaisoma tena.

Miezi miwili baadaye wakaja wageni kutoka hospitali tano nyingine kujifunza. Walikuwa madaktari, wauguzi, wapiga picha wenzangu, na bingwa mmoja wa ubongo mwenye mvi ambaye vitabu vyake nilivisoma chuoni. Mkurugenzi alitaka mimi nitoe mafunzo, kwa kuwa ninajua kuongea. Nilikataa. Nikamwambia mwalimu yupo.

Siku hiyo Bi Harusi alivaa viatu vyake vyeupe vya kanisani. Aliwapanga watu kumi na wanne kandokando ya ukuta, akawaonyesha mara moja, bila haraka, akitaja kila sehemu na sababu yake. Kisha akawaita wawili wawili. Bingwa wa ubongo alipangwa na muuguzi kijana, na kwenye kifuniko cha meza alikunja kwa nje.

"Baba, hapo umetuambukiza wote," Bi Harusi akasema. "Anza upya."

Nilimwona mkurugenzi akikunja uso. Yule mzee akarudisha kifuniko mezani, akainamisha kichwa kidogo. "Naam, mwalimu," akasema, "nionyeshe tena mkono wa kushoto unakwenda wapi."

Akamwonyesha. Alianza upya, akakosea, akaanza tena. Mara ya tatu walifika dakika ishirini na moja, jasho likiwatiririka, na wale wengine ukutani wakapiga makofi. Bi Harusi alikagua chini ya meza kwa tochi, akainuka taratibu akijishika kiuno.

"Pako safi," akawaambia. "Kesho mkija mapema mtafika ishirini." Kisha akavua glavu, akanawa mikono hadi viwiko, akaenda kunywa chai na mumewe aliyekuwa akimsubiri nje.